"Rezo Haiko" Si Jibu: Delege Aulize Nani Amepima Mzigo

Mwisho wa mwezi ukifika, kuna neno moja lenye kila mtu mu kambi analijua: "Rezo haiko." Unalisikia kwa mtu wa kabini, kwa shefu wa ekipe, kwa buro ya mishahara. Mama amekwisha kukamata unga na mafuta kwa deni, akasema atalipa tarehe tatu. Tarehe tatu imefika, telefone ya bwana inaandika "jaribu tena kisha dakika kidogo", na mwenye duka haoni kama hiyo dakika inamuhusu. Deni la unga, ikuwe Kasongo, Kabambare ao Salamabila, halisimame kungoja rezo.

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye mnabeba nyumba wakati siye tuko mu shimo, mimi ni mtu wa sendika, si mtu wa enformatike. Masomo yangu yaliishia sekondari. Lakini miaka hii nimekaa mu mikutano mingi kwenye waajiri wanakuja kutuonyesha aplikasio mpya: ya mshahara, ya kuandika walioingia kazi, ya dispensere, ya kupima madini na kuyaandika. Kila mara wanatuonyesha ekra yenye rangi nzuri. Hawatuelezi kama watu wote wakigonga mlango saa moja, mlango utafunguka. Ulizo hilo njo ninaliweka leo, juu ninaona ni ulizo la mshahara sawa na mengine yote yenye delege anauliza.

Kwanza tuelewane. Aplikasio haifanye kazi yote ndani ya telefone yako. Telefone ni mlango tu; hesabu inafanyika mu mashini kubwa yenye inakaa mbali, yenye wanaita serveri. Serveri moja ikipata watu wengi inachoka. Basi wenye akili wanaweka serveri mbili, tatu, ine, zote za kazi moja, na mbele yao wanaweka mashini ingine, ao programu tu, yenye kupokea kila ombi na kuamua: wewe nenda kwa huyu, wewe nenda kwa yule. Kifaransa wanasema répartiteur de charge. Siye tuseme mgawa-mzigo.

Mwenye amefika Kindu akataka kuvuka Lualaba kwenda Alunguli anaelewa bila kufundishwa. Kukiwa mtu pa bandari mwenye anaangalia mtumbwi upi uko mtupu, upi umejaa, upi unaingiza maji, watu wanavuka. Kama hayuko, wote wanarukia mtumbwi wa kwanza, unazama, na ile mingine inabaki imefungwa pa ukingo. Mitumbwi ilikuwa ya kutosha. Kilichokosa ni mtu wa kugawa.

Sasa, huyu mgawa-mzigo anachaguliwa namna gani, na anapimwa ukubwa gani? Hapo njo feza inapotea, na hapo njo delege anasinzia kwa sababu maneno ni ya kizungu. Asisinzie. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi.

Tuweke mfano. Kompanyi ina wafanyakazi 1 200. Muuzaji wa aplikasio atakuambia: watu 1 200 kwa mwezi mzima ni kidogo sana, mashini moja inatosha. Amegawanya watu kwa siku 30. Lakini wachimbaji hawafungue aplikasio ya mshahara kila siku. Wanaifungua siku moja, saa moja, wakati ekipe inatoka na ingine inaingia. Tuseme 900 wanashika telefone ndani ya dakika kumi. Kila mmoja anafanya mambo sita: anafungua, anaweka nambari ya siri, anaangalia feza iliyobaki, anaangalia karatasi ya mshahara, anaomba kutoa, anakubali. Hayo ni maombi 5 400 mu sekunde 600, ni kusema 9 kwa kila sekunde. Bado hatujamaliza. Mtu akiona ekra imeganda hangoje. Anabonyeza tena, na tena. Ukiweka kila ombi mara tatu unafika 27. Tuseme 30 kwa sekunde, tuache nafasi kidogo.

Kama serveri moja inaweza kujibu maombi 10 kwa sekunde, muuzaji atasema: basi tatu, hesabu imetoka sawasawa. Hapana. Ikifa moja, mbili zinabaki na nguvu ya 20, na 30 zinaendelea kuingia. Kila sekunde maombi 10 yanabaki nje. Kisha dakika moja kuna 600 pa mlango, na watu wanazidi kubonyeza. Zile mbili nazo zinaanguka. Kwa hiyo zinaombwa ine, si tatu. Mu shimo hakuna mtu mzima wa akili mwenye anaweka miti ya kutegemeza udongo yenye kutosha sawasawa bila hata moja ya kuzidi. Juu ya mshahara wetu, wanaweka.

Kuna hesabu ingine yenye wengi hawaijui, na ni ya lazima juu ya kupima mgawa-mzigo mwenyewe. Fikirini shimo lenye watu wawili wanaingia kila dakika. Kila mtu akikaa chini dakika kumi, ndani muko watu ishirini. Sasa hewa ni mbaya, kazi inaenda pole, kila mtu anakaa dakika hamsini: ndani muko watu mia, na hata mmoja hakuongezeka pa mlango! PDG mwenye anahesabu tu wenye wanaingia ataona kila kitu kiko sawa mpaka siku ya msiba. Na mashini ni vile vile. Maombi 30 kwa sekunde, kila moja likichukua sekunde 2, mgawa-mzigo anashika 60 kwa mkono wakati moja. Serveri zikichelewa, kila ombi likichukua sekunde 10, anashika 300. Kama alinunuliwa kwa kushika 100, anafunga mlango, na wewe unaandikiwa "jaribu tena".

Kwa hiyo muuzaji akija na sifa za "gigabiti 10 kwa sekunde", mwulizeni anatuambia nini. Karatasi ya mshahara na hizo nambari zingine ni vitu vidogo. Tuseme kila ombi linabeba kilobaiti 20: maombi 30 ni kilobaiti 600 kwa sekunde, karibu megabiti 5. Ile mashini ya gigabiti 10 ni mara elfu mbili ya yenye tunahitaji kwa upande huo, na inaweza kuwa bado haitoshe kwa upande wa watu wenye inaweza kushika pamoja. Ni sawa na kununua kamioni ya tani nyingi kwa barabara ya pikipiki. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi, wazee walisema. Na mwenye kuuza mashini hajasimama mu foleni ya kabini na mtoto wa homa mgongoni.

Mimi maoni yangu ni haya: kwa kompanyi ao koperative ya ukubwa wetu, ile kasha ya bei kali haina maana. Kuna programu za bure zenye zinafanya kazi hiyo. Moja inaitwa HAProxy, ilianzishwa na Mfaransa, Willy Tarreau, mu 2001, na inabeba aplikasio kubwa sana mu dunia. Iko na Nginx pia. Unaiweka juu ya mashini mbili za kawaida. Nimesema mbili, juu mgawa-mzigo akiwa mmoja tu, umehamisha ugonjwa kutoka nyuma na kuuleta mbele: yeye akifa, serveri zote ine ni nzima na hakuna mwenye anazifikia. Ya pili inakaa macho, ya kwanza ikinyamaza inakamata nafasi yake. Na bure si kusema bila mtu. Inaomba mtu mwenye anaijua, mwenye analipwa, na mwenye hayuko ndege kwenda Kinshasa tarehe ya mshahara.

Namna ya kugawa nayo inachaguliwa. Kuna kugawa kwa zamu: moja, mbili, tatu, ine, unarudia. Ni rahisi, ni nzuri kama maombi yote ni sawa. Lakini kuangalia feza iliyobaki ni kazi ndogo, kutengeneza karatasi ya mshahara ya miezi kumi na mbili ni kazi kubwa. Kwa zamu tu, serveri moja inaweza kuangukiwa na kazi kubwa zote wakati jirani yake amekaa. Juu ya mshahara ninaona afadhali kumpa yule mwenye ana kazi kidogo mkononi wakati huo. Shefu wa ekipe mzuri anafanya vile bila kusoma kitabu.

Na mgawa-mzigo anapashwa kuuliza kila mara: serveri, uko mzima? Hapo kuna mtego. Asubuhi pa mlango wa shimo wanaita majina. Mtu anaitika "niko", kumbe mgongo umevunjika tangu jana. Serveri nayo inaweza kuitika "niko" na haiwezi kufikia daftari la hesabu. Ulizo la kweli ni: nionyeshe hesabu moja ndogo ya majaribio. Ikishindwa, itolewe mu mstari mpaka ipone.

Juu ya daftari, hapa ninaomba mnisikilize vizuri. Unaweza kuweka serveri kumi na mgawa-mzigo wa ajabu, na zote kumi zikaandika mu daftari moja lenye liko juu ya mashini moja ya zamani. Mashimo kumi, mizani moja: foleni itakuwa pa mizani. Mwenye anauza mgawa-mzigo hatakuambia hivyo, juu yeye hauzi mizani. Na kama kila serveri ina daftari lake lenye halipatane na la wengine, hapo ni hatari zaidi. Unaomba kutoa franka 50 000, inakwama, unabonyeza tena. Ombi la kwanza lilienda kwa serveri moja, la pili kwa ingine, umekatwa mara mbili. Kwenye kompanyi moja, jina ninaliacha, sendika ilibeba malalamiko ya namna hiyo majuma na majuma mpaka watu wakarudishiwa. Dawa yake inajulikana: kila ombi lipewe nambari moja, na hiyo nambari ikija mara ya pili, serveri yoyote iseme "hii nimekwisha kuilipa". Hiyo iandikwe mu mkataba na muuzaji. Ni mstari moja.

Tufike sasa pa antene, juu huku kwetu mambo mengi yanaishia pale. Kama antene ya pa kazi inapata rezo kwa satelite ya zamani, ile yenye iko juu kilometa karibu 36 000, kila neno linapanda na kushuka, na jibu nalo vile vile: karibu nusu sekunde imekwisha kabla serveri haijafikiri kitu. Kufungua mlango wa siri kunaomba kwenda na kurudi zaidi ya mara moja, hivi sekunde moja ao mbili inaenda bure. Rudieni ile hesabu ya shimo: kila mtu anakaa ndani zaidi, shimo linajaa. Tena kama hiyo satelite inapitisha megabiti 2 na siye tunahitaji karibu 5, hakuna mgawa-mzigo mu dunia mwenye atapitisha tano mu mbili. Starlink ilipata ruhusa mu Kongo mwezi wa tano 2025. Satelite zake ziko chini sana, kilometa 550 hivi, na mwendo ni mwepesi. Mimi ningependa kuona feza ya ile kasha ya bei kali ikienda huko, na mu batri za antene, mbele ya kitu kingine.

Kuna wenye watasema delege anaingia mu mambo yasiyo yake. Tuangalie kwa jirani. M-Pesa ilianza Kenya mu Machi 2007. Kwetu Vodacom iliianzisha mu Novemba 2012. Miaka mingi mashini za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani, zikaletwa Kenya mu Aprili 2015. Mu Septemba 2025 Safaricom ikabadilisha mashini tena, ikatangaza wazi: sasa tunabeba malipo 6 000 kwa sekunde, na tunaweza kupanda mpaka 12 000. Na mbele ya kubadilisha walitangaza usiku gani huduma itasimama. Kama kompanyi yenye inabeba feza ya mamilioni ya watu inaweza kutoa nambari yake mbele ya watu wote, kwa nini mwajiri wa watu 1 200 anasema yake ni siri?

Na wasituambie ni mambo ya Afrika. Marekani, tarehe 1 Oktoba 2013, serikali ilifungua HealthCare.gov juu ya watu kununua bima ya afya. Walipima kwa watu 50 000 mpaka 60 000 kwa wakati moja. Wakaja 250 000. Siku ile ya kwanza walioweza kumaliza kujiandikisha walikuwa sita. Sita, mu nchi yenye feza yote ile! Kati ya makosa yao mengi, moja ilikuwa ile nambari ya watu pa mlango.

Ninajua wandugu wengine mu sendika wanataka turudie bahasha: feza mkononi, saini, basi. Ninawaelewa, lakini hapana. Kubeba feza ya kambi nzima kwa barabara zetu ni kuita bunduki. Kwa Namoya kule Salamabila, Banro yenyewe ilisimamisha kazi mu 2019 juu ya usalama kukosa. Hatutatuma mtoto wa mtu na sanduku la mishahara mu njia zile. Mshahara kwa telefone ubaki. Lakini ulipwe kweli. Mkataba nambari 95 wa OIT, wa mwaka 1949, unasema mshahara wa feza ya mkononi ulipwe siku ya kazi, pa kazi ao karibu yake. Walioandika hawakujua telefone ya mkononi, lakini walijua mtu mwenye anatembea siku nzima kutafuta mshahara wake. Mwenye anapanda kilima kutafuta rezo, anateremka kutafuta kabini yenye ina noti, huyo hajalipwa karibu na kazi.

Noti, ndiyo. Hapo mashini zote zinanyamaza. Aplikasio ikifanya kazi vizuri sana, watu 900 wanapata "umepokea" ndani ya dakika kumi, na kabini tatu za kambi zina noti za watu sitini. Hapo njo mtu anaambiwa "nikate kidogo nikupe sasa hivi", na anakubali juu mwenye duka anangoja. Kukata huko ni mshahara wetu unapungua bila mtu kusaini karatasi. Kwa hiyo mgawa-mzigo wa bei ndogo kuliko yote hauuzwe mu duka lolote: kulipa ekipe kwa siku tatu, 400, 400, 400, na noti zipangwe kwa hesabu hiyo. Wafanyakazi watakubali kama zamu inazunguka. Ekipe yenye ililipwa ya mwisho mwezi huu iwe ya kwanza mwezi ujao. Kama ni ekipe ile ile ya mwisho kila mwezi, msituletee karatasi ya kusaini.

Na mbele ya kusaini, tupewe jaribio. Siku ya mapumziko, mbele ya delege, programu itume maombi 30 kwa sekunde muda wa dakika kumi. Dakika ya tano mtu azime serveri moja kwa mkono, tuangalie. Dakika ya nane azime mgawa-mzigo wa kwanza, tuangalie tena. Matokeo yaandikwe, na nakala moja ibandikwe pa ubao wa sendika, kwenye wamama nao wanapita. Jaribio lirudiwe kila mara kompanyi inakamata watu wapya, juu nambari ya 1 200 haitabaki 1 200. Na mu mkataba wa pamoja kuongezwe hivi: siku ya mshahara mashini ikianguka zaidi ya saa sita, mwajiri atoe barua kwa kila mfanyakazi ya kuonyesha mwenye duka, na gharama ya kutoa feza mwezi huo aibebe mwajiri. Wenye maduka wa Kasongo wenye nimeongea nao wanasema barua yenye muhuri wataikubali.